Kilo Tano za Matabishi

Aurélie alikuwa na mizani yake, fomu yake na kiburi kidogo cha kazi, na vyote vitatu vilisema kwamba Mama Rosalie ni mwizi.

Kila Alhamisi alikwenda soko la Nyabiondo kuandika bei kwa niaba ya shirika lililolipia chakula cha shule. Maharagwe: kopo moja, franka elfu tatu, kilo mbili na nusu. Ilikuwa hivyo tangu Februari. Lakini Rosalie, mpishi wa shule, aliponunua makopo yake kumi ya kila siku kwa fedha zile zile, watoto wa mwisho kwenye foleni walikuta sufuria tupu. Kamati ya wazazi haikuumiza kichwa: bei haijapanda, basi maharagwe yanaishia nyumbani kwa mpishi. Kesho wangemfukuza.

"Mimi sijaiba hata mbegu moya," Rosalie alimwambia. "Twende pamoya ku soko, dada, utaona na macho yako."

Aurélie alikubali shingo upande. Akajibanza nyuma ya kibanda cha chumvi, Rosalie akaenda peke yake kwa Mama Agathe, muuza maharagwe. Agathe akachota, akapitisha kiganja juu ya kopo kulisawazisha, akamimina. Mara kumi. Rosalie akarudi na mfuko, Aurélie akauning'iniza kwenye mizani: kilo ishirini. Kilo tano hazipo, na Rosalie hata sokoni hajatoka!

Akajitokeza, akaomba kopo lake mwenyewe. Agathe akatabasamu, akalijaza mpaka likafanya kilima, kisha akatupia konzi mbili za matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mteja wake. Mizani ikasoma kilo mbili na nusu, kama kila Alhamisi.

"Mbona Mama Rosalie haukumupatia matabishi?"

"Matabishi ya wapi? Hii mwaka barabara iko mubaya, ba pikipiki wanaomba mingi. Bei nikipandisha, batu watanikimbia. Nikikata matabishi, wananung'unika tu, kisha wanarudi." Agathe akacheka. "Lakini wewe ndiyo unaandikaka mambo yetu. Nikupimie kama hawa wengine, batu ya biro ya shirika yako watatuona aje?"

Aurélie alitamani ardhi immeze. Miezi yote hiyo alikuwa akipima heshima aliyopewa yeye, si chakula cha watu.

Kesho yake hakungoja Papa Symphorien, mwenyekiti wa kamati, afungue kikao pale shuleni.

"Kosa iko yangu," alisema. "Bei ilipanda, ila ilipandia ndani ya kopo. Sikuiona, sababu mimi nilikuwa napewa matabishi."

"Ilipanda kiasi gani?"

"Sijue, Papa. Zamani batu walikuwa wanapata kiasi gani, sikuandika. Ya leo najua: kilo mbili. Tuanzie hapo."

Kamati ikaandika barua kuomba makopo matatu zaidi kila siku. Kisha Symphorien, ambaye haombi msamaha hata akikukanyaga, akamnyooshea Rosalie mkono. Rosalie akautazama tu.

"Muanze na batoto yangu," alisema. "Ku masomo wanabaita batoto ya mwizi."

Symphorien akakohoa, akavaa kofia yake. Kamati nzima ikainuka, Aurélie akitangulia, wakaenda kugonga mlango wa darasa la tatu, alimosoma mmoja wa watoto hao.