Kelele Huwa Mwisho

Mimi ndiye niliyeiharibu siku ile, na sitaki mtu anibembeleze.

Mdogo wangu alikuwa sauti ya nahodha kwenye ile katuni ya majambazi wa angani: kofia pana, bastola mbili kiunoni, chombo kikuukuu kinachoruka sayari hadi sayari kusaka hazina. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo, nikirekodi. Miaka minne tulifanya hivyo, leo tunataniana, kesho tumenuniana.

Kisha daktari akakuta uvimbe kooni mwake. Jumanne angefanyiwa upasuaji, na baada ya hapo sauti ndiyo basi tena. Jumatatu tukaingia studio kumalizia kipindi cha mwisho.

Alikuja na karatasi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, nao walishajua ni binti. Alikuwa amemwandikia jina alilomchagulia, maneno machache ya baba, na hadithi ya kumlaza. Alikataa kujirekodi kwenye simu. Alitaka ya studio, isikike vizuri hata mtoto akiwa mtu mzima.

"Dada, tuanze na hii," akasema, sauti inakwaruza.

"Kazi kwanza. Ukianza na hiyo utalia, na ukilia koo linafunga."

"Una roho ngumu wewe."

"Ndiyo maana kazi zinaisha."

Akacheka. Tangu utotoni alinisikiliza, maskini, hata pale alipopaswa kunipinga.

Studio kwetu mazungumzo huwa kwanza na kelele huwa mwisho, kwa sababu kelele huchuna koo. Kufika saa sita mazungumzo yalikuwa yameisha, safi kabisa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Lakini zilibaki kelele tatu tu, na mimi nikiishika kazi siiachi njiani. Nahodha ameiona hazina, chombo kinawaka moto, anawaita wenzake warudi. Akaita. Ya pili nikamwambia, "Tena, sogea nyuma kidogo ya maiki." Ya tatu ilinisisimua mwili mzima.

Nikamwonyesha dole gumba. Akaikunjua karatasi yake, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tupu.

Tukajaribu maji ya uvuguvugu, tukajaribu asali, akanyamaza saa tatu nzima. Hospitali wakapiga simu kwamba kitanda kinamsubiri. Alinipigapiga begani kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Alipona, namshukuru Mungu. Binti ana miaka mitatu sasa, na baba yake humbeba mgongoni kutwa. Mimi jioni hubaki studio nikipekua vipindi vyote hamsini na viwili, nakata neno hapa, neno pale, nimuungie mtoto sentensi. Mdogo wangu aliniandikia niache, eti yameshapita. Siachi. Nimepata "njoo." Nimepata "lala." "Nakupenda" alikiambia chombo chake. "Mwanangu" sijaipata popote. Nahodha hakuwa na mtoto.