Kopi ya Tatu

Mwaka ule wa tisini na saba, waya haikuwa na mwenyewe Lubumbashi. Ulilala na simu ukutani, ukaamka na matundu mawili. Waya za taa za barabarani zilikwisha kwenda Zambia kuuzwa kama shaba, ndani ya magunia, chini ya makaa, na waliozipeleka walisalimiwa mjini kwa heshima kuliko maprofesa, kwa sababu wao angalau walikuwa wanakula. Basi hata Ofisi ya Mizani, ofisi ya serikali iliyopima madini ambayo hakuna aliyekuwa anayachimba tena, ilikuta asubuhi moja kibodi ya Mkurugenzi imekatwa mkia.

Mkurugenzi huyo ni Rigobert, mtu mwenye tai tano na mashati mawili. Alifoka mpaka mate yakaruka. "Nani amekata? Minauliza, ni nani?" Chishimba, tarishi wa ofisi, ambaye jana yake watoto wake walikula nyama bila sababu inayojulikana, akatazama dari. Wote wakatazama dari.

Kumbe aliyeumizwa na mkia ule si Rigobert wala Chishimba. Ni Mama Julienne.

Mama Julienne alikuwa daktilo wa ofisi ile, mpiga taipu wa miaka ishirini na moja. Mjane, na kichwa chake na cha watoto wake watatu vilikuwa chini ya bati la ofisi: nyumba ya vyumba viwili kule Naviundu, aliyopewa kwa sababu ya kazi. Kazi ikiondoka, bati linaondoka. Si unajua vile wazee wa Katanga walisema: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani ndiyo inayokulea. Yeye baba yake na mama yake walikuwa vidole kumi.

Na vidole vile vilikuwa na sheria yao. Kila barua ya Ofisi ya Mizani ilitoka kwa kopi tatu. Ya kwanza inakwenda inakokwenda, ya pili inabaki kwa Patron, yaani mkubwa wa ofisi, ya tatu inaingia kwenye faili la daktilo, kabatini, na ufunguo anao daktilo. Wabelgiji waliiacha sheria hiyo pamoja na kabati, na hakuna mkubwa aliyethubutu kuvigusa. Rigobert aliichukia kopi ya tatu kama mtu anavyomchukia shemeji aliyemwona akitoka mahali fulani.

Ndiyo maana, baada ya mkia kukatwa, hakuomba kibodi nyingine ya waya; alitaka sababu ya kuandika mwenyewe, bila kopi ya tatu. Alimwita Mumbere, mfanyabiashara Mnande kutoka Butembo, aliyeuza kila kitu kuanzia maharagwe mpaka kompyuta. Mumbere akamletea kibodi isiyokuwa na waya. "Njo maendeleo," akasema Rigobert mbele ya wafanyakazi wote. "Mukubwa wa kisasa anaandika ye mwenyewe. Daktilo, ile ni kintu ya zamani." Akamgeukia Mama Julienne. "Mama, mwisho wa mwezi tutaongea juu ya ile nyumba."

"Patron, na batoto?"

"Batoto beko na Mungu."

Hebu tuyaone maendeleo yenyewe. Kibodi ile ya kwanza ilitumia mwanga, kama rimoti ya televisheni: lazima itazamane uso kwa uso na kompyuta, na katikati pasipite kitu. Mtu akipita na chai, herufi zinapotea. "Ni nani anapita? Munakula maneno yangu!" Ofisi nzima ikajifunza kutembea imeinama kama wanajeshi vitani. Siku moja Rigobert aliandika ukurasa mzima, akainua macho, akakuta kioo cheupe. Tumbo lake mwenyewe lilikuwa njiani.

Mumbere aliporudi hakucheka, kwa maana mfanyabiashara hachekei tumbo linalolipa. "Patron, ile ya mwanga wazungu wenyewe wameiacha," akasema. "Sasa wametengeneza ya redio. Hii haitaki kuonana. Inapita hata ukuta." Akaleta mbili, ndugu mapacha, moja ya Mkurugenzi na moja ya chumba cha daktilo, kwa kuwa karatasi ya ununuzi ya serikali iliandikwa mbili. Kila kibodi ilikuja na kisanduku kidogo cha kupokea maneno, ukubwa wa sabuni ya kuogea. Mumbere akakichomeka kimoja kwenye kompyuta ya Rigobert, cha pili kwenye kompyuta ya Mama Julienne, akaenda zake.

Jioni ile ile Rigobert akachukua kibodi ya pili, akaipeleka nyumbani kwake. Nyumbani hapakuwa na kompyuta! Mke wake, Séphora, aliiweka sebuleni juu ya kabati la sahani, karibu na picha ya harusi, akaifunika kitambaa cha kufuma, akawa anawafunulia wageni kwa dakika moja moja. Kisanduku cha sabuni hakuna aliyekikumbuka. Kilibaki nyuma ya kompyuta ya Mama Julienne, na yeye akaendelea na kibodi yake ya zamani, yenye mkia, ambayo aliibeba kila jioni kwenye kikapu pamoja na sombe, mboga yake ya majani ya mihogo.

Halafu nchi ikaanza kuanguka, na maneno ya nyumba yakasogezwa mbele. Mwezi wa tatu redio ikasema Kisangani imekwenda. Mwezi wa nne, Mbuji-Mayi. Waasi, au wakombozi, inategemea nani amesimama karibu nawe, walikuwa wanakuja kwa miguu na mabuti ya mvua. Mjini, picha za Rais zilishuka ukutani, lakini hazikutupwa. Ziligeuzwa tu.

Asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege. Rigobert akaingia ofisini, akafunga mlango wake kwa ufunguo. Mama Julienne alikuwa chumba cha pili, mbele ya kioo kitupu, mikono mapajani. Kazi hakuwa nayo. Alikuja kwa sababu asipokuja angeitwa mtoro.

Ghafla kioo kikaanza kuandika.

"Jina la Yesu!" Akaruka, akashika msalaba shingoni. Herufi moja. Nyingine. Kimya. Ikafutwa. Nyingine tena. Akatazama vizuri, na hofu ikageuka kuwa hasira, maana mwendo ule aliujua: vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Shetani angeandika haraka zaidi. Kisanduku cha sabuni nyuma ya kompyuta yake kilikuwa kinasikia kibodi ya Patron kupitia ukuta.

*Kwa heshima kubwa na utii usio na mwisho,* barua ikaanza. Ilikwenda kwa Gavana. Rigobert aliapa kumfuata Rais mpaka tone la mwisho la damu. Tarehe ya leo. Kisha ukurasa mpya. *Kwa heshima kubwa na utii usio na mwisho.* Hii ilikwenda kwa Kamanda wa Wakombozi. "Tumewangoja miaka thelathini na miwili." Tarehe ya leo. Na chini yake: "Ninawatolea jina la kibaraka aliye ofisini kwangu. Julienne, daktilo. Barua zote za kuusifu utawala mbaya ziliandikwa na mikono yake. Naomba aondolewe, na nyumba yake irudi kwangu."

Mama Julienne alisoma mara mbili. Siku zile watu walikuwa wanapotea kwa neno dogo kuliko hilo. Alilia, tusidanganyane, alilia kamasi na machozi. Kisha akajifuta kwa kitenge na kufanya kile ambacho vidole vyake vilifanya miaka ishirini na moja. Akachapa kopi. Akapiga muhuri. Akaikunja moja, ile ya Gavana, akaitia kifuani.

Siku ya tatu Kamanda alifika ofisini na askari sita. Kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Rigobert alimpokea na tai mpya, akampa barua kwa mikono miwili, amepiga goti nusu. Kamanda akasoma, akauliza: "Julienne ni nani?"

"Ni miye, Baba."

"Unasemaje?"

"Minaandikaka kile banaambia. Lakini Patron alisema sasa anaandika ye mwenyewe. Hii njo aliandika ile siku moja na hiyo yako." Akaitoa kifuani barua ya Gavana.

"Uongo!" Rigobert akapaza sauti. "Ameiandika ye mwenyewe, huyu mwanamke! Mi nilikuwa nyuma ya ukuta, mulango imefungwa!"

"Baba Kamanda," akasema Mama Julienne, "mutie askari mbele ya kompyuta yangu. Mi nitabaki hapa, mikono juu ya kichwa. Ambia Patron aandike tu."

Kamanda akatikisa bunduki kidogo. Rigobert akakaa kwenye kiti chake. Angeweza kuandika lolote, hata jina la mama yake. Lakini mtu akiogopa, vidole vinakwenda njia vinayoijua.

"Afande!" askari akaita kutoka chumba cha pili. "Kioo kinaandika peke yake!"

"Soma!"

"Kwa... he-shi-ma... ku-bwa... na u-tii..."

Kamanda akaweka barua mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Kwanza alitabasamu, kisha akacheka mpaka akashika meza, na askari wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mama Julienne hakucheka. Alikuwa anangoja risasi, hajui ya nani.

"Barua mbili siku moja!" Kamanda akasema, akimpiga Rigobert begani. "Watu kama wewe serikali yetu itawahitaji sana. Utabaki mkurugenzi. Ila kuandika, basi. Kila neno lako litapita kwa huyu mama, na yeye abaki kwenye nyumba yake, nijue mahali pa kumkuta." Akaibeba kibodi ya redio kwapani, akaacha kisanduku mezani, akapanda gari kuelekea Kinshasa. Chishimba anasema huko aliibonyeza wiki nzima, isitoke hata herufi moja.

Kesho yake Rigobert alisimama mbele ya meza ya daktilo, tai imelegea, kama zamani.

"Andika, Mama. Kwa Mheshimiwa Rais anayekuja. Kwa heshima kubwa..."

"Na utii usio na mwisho. Minajua, Patron." Vidole kumi vilikuwa vimeshafika mwisho wa mstari. "Kopi ngapi?"

Rigobert akatupia macho kabati. "Mbili inatosha, Mama."

"Tatu," akasema Mama Julienne.

Tangu hapo wakurugenzi wamebadilika mara nne, na kila mmoja alikuja na maendeleo yake. Faili halikai tena kabatini. Liko Naviundu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwuliza tena Mama Julienne habari za nyumba.