Mlango wa Sodoh

Watu wa Garissa hawana mlango mdomoni. Waliposikia Shamso na mumewe wanaihama nyumba kubwa ya mtaa wa Bulla Iftin kwenda kupanga vyumba viwili mjini, walisema mpaka wakakauka koo. Mara Abdiqani amefukuzwa kazi, mara wamefilisika, mara Shamso ana jini. Hakuna aliyekisia ukweli, na ukweli ulikuwa mwepesi tu: mwanamke alikuwa amechoka.

Na nani asingechoka? Mgonjwa akitoka Griftu, huko Wajir, kuja hospitali kuu, anafikia kwa Shamso. Kijana akitoka Elwak kutafuta kitambulisho, kwa Shamso. Binamu wa binamu anayengoja gari la kambi ya wakimbizi ya Ifo, kwa Shamso, na gari lenyewe laweza kungojwa mwezi mzima. Wenzetu wa pwani husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatuna. Tuna ngamia, na sijaona mgeni aliyekabidhiwa ngamia akachunge. Kwa hiyo mgeni wetu hukaa.

Shamso alipika wali wa harusi kila siku ya Mungu, na harusi yenyewe haipo. Watoto wake walilala kwenye korido ya nyumba yao wenyewe. Siku moja binti yake mdogo, Nasteho, aliambiwa shuleni achore familia yake. Akachora watu mpaka karatasi ikajaa. Shamso akaikagua picha, akajitafuta.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Wewe uko jikoni, Hooyo. Huonekani."

Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba anataka nyumba ambayo mtu akisimama mlangoni anaona mwisho wake. Wewe, mimi na watoto, alisema, basi. Abdiqani ni mtu wa ofisini, mpole, hapendi kelele. Alikubali upesi kuliko Shamso alivyotegemea. Kosa lake lilikuwa kuwatangazia wenzake kazini kwamba anahamia nyumba ndogo. Wale wa kutoka bara, ambao kwao nyumba ndogo ni hawara, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Bwana Abdiqani! Yaani wewe nyumba ndogo unaitangaza hadharani?"

"Cheka tu," alijibu. "Mimi huko nitapata usingizi."

Na usingizi waliupata. Sufuria ilipungua, sauti zikapungua. Walikula pamoja, sinia moja, wakaulizana habari za siku kama watu waliokutana upya. Jamaa walikuja, wakatazama huku na huku, wakanywa chai, wakaaga kabla ya magharibi. Shamso alianza kunenepa. Mimi simsemi kwa hilo. Raha ile ilikuwa halali yake, na aliyeitolea jasho ni yeye.

Lakini kule Bulla Iftin kulikuwa na chumba cha pembeni chenye mlango wake peke yake, uliofungukia uani karibu na geti. Hicho kilikuwa chumba cha mama yake, Mulki, kila alipokuja kutoka Griftu. Kwetu mama mkwe tunamwita sodoh, na sodoh na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali mbali. Hawali pamoja. Hawakutani wakitoka kuoga. Kulala mahali ambapo mmoja anamsikia mwenzake akikohoa ni aibu ya kutosha kumhamisha mtu mji. Mulki aliweza kukaa mwezi katika chumba kile, Abdiqani akamsalimu kutoka nje ya dirisha, kila mtu akabaki na heshima yake.

Vyumba viwili vya mjini vilitenganishwa na pazia. Shamso alipokwenda kuvikagua alipima kitanda, akapima magodoro ya watoto, akapima mahali pa jiko la gesi. Mlango wa sodoh hakuufikiria. Mila aliijua kama anavyolijua jina lake, ila mama yake alikuwa mzima, na mtu anapopanga nyumba hapangi ugonjwa wa mama yake.

Kisha kaka yake, Rage, akapiga simu kutoka Griftu.

"Miguu ya Hooyo imevimba. Akitembea kidogo anakosa pumzi. Huku wanasema ni moyo, aonwe Garissa. Nampandisha basi. Sasa yuko mikononi mwako."

"Mlete," Shamso alisema. Angesema nini tena?

Mulki alishuka akiwa amekonda uso na kujaa miguu. Daktari wa Garissa alimwandikia dawa, akamkataza chumvi, akamwambia apumzike na arudi kliniki baada ya muda ili waone kama maji yamepungua. Apumzike, alirudia, akimtazama Shamso. Kutoka hapo wakaenda nyumbani. Mulki alisimama kwenye kizingiti, akaiona nyumba yote, akaliona pazia.

"Mashallah," alisema. "Imetulia."

Abdiqani, aliporudi kazini na kumkuta, alibaki ngazini. Akazungumza akiwa ameinamia viatu vyake, akamwita shangazi kwa heshima. "Eddo, karibu. Mimi nitalala kwa rafiki yangu. Nyumba ni yako."

"Haiwezekani," Mulki alijibu, naye ameugeukia ukuta. "Mwanamume hatolewi kwake na sodoh. Watu watasema nini? Mimi nina pa kulala. Reer Alio wa Bulla Punda wamenipa chumba. Nitakuja kushinda na wajukuu."

Reer Alio ni watu wa ukoo wao kweli, na wana nyumba Bulla Punda kweli. Shamso alimsindikiza mama yake mpaka barabarani, akampakia kwenye tuktuk, akamsikia akimwambia dereva Bulla Punda. Akarudi ndani. Na hapa mimi hasira hunipanda, kwa sababu kuwapigia simu Reer Alio ni jambo la dakika. Kuwapigia tu, kuwashukuru kwa kumpokea mama, kama ada inavyotaka. Hakupiga. Angepiga, labda wangemwambia jambo ambalo lingemlazimu kuihama nyumba yake nzuri. Nadhani alilijua hilo mahali fulani moyoni, akaliacha likae huko huko.

Basi Mulki akawa mtu wa mchana. Abdiqani akishaondoka, yeye huyo, anapanda ngazi akipumzika kila hatua chache. Anaoga, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia, anajilaza kwenye godoro la watoto na kulala kama mtu aliyekesha. Kabla ya magharibi anafunga buibui lake na kuondoka na chupa ya chai aliyojaziwa na binti yake.

"Wanakutunza huko?" Shamso alimuuliza siku moja, akimpaka mafuta miguuni. Miguu ilizidi kujaa. Ukibonyeza kidole, shimo lilibaki.

"Wananitunza vizuri, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Nasteho, aliyekuwa amejilaza kwapani mwa bibi yake, akainua pua. "Ayeeyo, mbona unanuka dizeli?"

"Nyamaza! Adabu yako iko wapi?" Shamso alimkaripia. Mulki alicheka, akamvuta mtoto karibu zaidi, akafumba macho. Shamso akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi moja Mulki hakuja. Shamso alingoja mpaka chai ikatanda ngozi juu. Akapiga simu. Ikaita sana, kisha ikapokewa na mwanamke asiyemjua.

"Wewe ndiye binti wa Mama Mulki? Mimi naitwa Sharifo, nakata tiketi za mabasi ya Wajir. Njoo ofisini kwetu, dada yangu. Njoo na mume wako."

Ile ofisi ni banda la mabati lenye benchi za abiria, na mbele yake mabasi hupasha injini tangu alfajiri. Mulki alikuwa kwenye benchi ya mwisho upande wa wanawake, ameegemezwa ukutani, amefunikwa mtandio wa mtu mwingine. Sharifo alisema Mulki aliswali alfajiri akiwa amekaa, akatoa salamu, na hakuinua tena kichwa. Shamso alimshika mkono. Ulikuwa baridi, katika joto lile.

"Alikuwa anakwenda wapi?" Shamso aliuliza. "Hakuniaga."

Sharifo aliurekebisha mtandio begani mwa Mulki. "Alikuwa haendi popote. Alikuwa analala hapa."

"Alikuwa Bulla Punda. Kwa Reer Alio."

"Aliniambia alifika kwao akakuta nyumba imejaa wagonjwa wenzake, watu wamelala mpaka mlangoni. Akaona aibu kuomba. Akaja hapa, akasema basi lake ni la kesho. Kesho yake akasema ni la kesho. Nikajua. Nikamwambia, nipe namba ya binti yako nimpigie. Akasema, usimpigie. Binti yangu kapumzika sasa hivi tu, tangu aolewe. Akijua nalala hapa atarudi kwenye ile nyumba kubwa kwa ajili yangu."

Shamso alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, mbele ya abiria, na akalia kwa sauti ambayo mama yake angemkataza. Hakuna aliyemnyamazisha. Alikuwa akimlilia mama yake na akijichukia, vyote pamoja, na nafikiri chuki ilikuwa kubwa zaidi.

Abdiqani alikuja na gari la mwenzake wa kazini. Alimfunika mkwe wake vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani akamshika, akambeba na wanaume wengine hadi garini. Dereva akauliza kama wanampeleka nyumbani akaoshwe. Abdiqani akafikiria ngazi, pazia, chumba ambacho watu wanne wakisimama hakigeuziki. Akasema wampeleke msikitini, kuna mahali pa kuoshea wanawake.

Wakiwa njiani simu ya Shamso ililia. Ilikuwa ni Rage. Habari ilikuwa imeshafika Griftu, maana habari za kifo kwetu hazingoji mwenye kuzipeleka. Alikuwa analia, lakini alijikaza.

"Samir iyo iman," alimwambia, Mungu akupe subira na imani. "Usijilaumu, dada yangu. Moyo ni moyo. Mimi namshukuru Mungu alikuwa kwako. Niambie tu, alikufa akiwa amelala vizuri? Ulikuwa umemshika?"

Abdiqani, kiti cha mbele, alisikia swali.

Shamso angeweza kusema ndiyo. Rage asingejua mpaka afe.

"Amefia stendi, Rage."

"Stendi? Alikuwa anarudi Griftu?"

"Hapana," Shamso alisema. "Ndiko alikokuwa akilala. Kwangu hapakuwa na mahali."

Alingoja kaka yake aseme kitu, hata tusi. Alisikia watu nyuma ya Rage, mbuzi, mtu akiita jina. Kisha Rage akakata simu.