Hufanya Kazi Vizuri Chini ya Usimamizi

Tangu asubuhi alikuwa ameifungua barua pepe yake mara kumi na moja, na hapo hata mswaki alikuwa bado hajapiga. Hakuwa akitafuta habari njema. Alitaka tu kuhakikisha kwamba hawajaahirisha usaili.

Ndugu zake walimwita Fukusi. Jina hilo alibandikwa na kaka yake mkubwa, dereva wa malori, siku alipogundua kwamba dada yake, baada ya miaka yote ile ya kusoma mpaka akapata shahada ya uzamivu, kazi yake ni kufuga fukusi, wadudu wanaotoboa mahindi. "Watu wanawaua, wewe unawalisha!" alisema kaka mtu, akacheka mpaka akakaa chini. Jina likaganda. Hata mama yao, fundi cherehani asiyependa mchezo na majina ya wanawe, alikuwa akimwita hivyo siku ambazo roho yake imetulia.

Leo hakumwita hivyo.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa, Mama."

"Umekaa wapi? Nusu saa nzima unapima sakafu kwa miguu."

Kweli alikuwa akizunguka, kutoka kwenye cherehani dirishani mpaka kwenye kabati na kurudi. Juu ya kabati zilipangwa chupa nne za mdomo mpana, zimejaa mahindi, zimefunikwa kwa vipande vya kitambaa chepesi. Humo ndimo walimoishi wadudu wake. Walihamia nyumbani wiki iliyopita, kwa sababu mkataba wake wa msaidizi wa utafiti ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Ulikuwa umeongezwa mara tatu, na safari hii alishaambiwa hauongezwi. Baada ya hapo, ama awe mhadhiri mahali fulani, mwenye maabara yake na wanafunzi wake, ama akubali kazi aliyotafutiwa na kaka yake: kuzunguka na mkoba akiuza dawa ya kuua wadudu. "Si fani yako ileile?" kaka aliuliza kwa moyo mweupe kabisa.

Alikuwa ametuma maombi tisa, vyuo tisa. Mara nne aliitwa, na mara nne mambo yalimwendea vizuri mpaka mahali palepale. Mwenyekiti wa jopo hufungua jalada, husoma kitu, humsogezea jirani yake, na uso wa jirani hupoa. Basi, kwisha habari. Baada ya wiki mbili huja barua yenye neno "tunasikitika", kana kwamba wao ndio waliokosa kazi. Amebadili blauzi, amebadili picha za kuonyesha ukutani, amejifunza kuongea polepole. Wenzake wenye makala chache kuliko zake wameshaanza kulalamika kwamba wanafunzi wao hawasomi, na yeye bado anasugua benchi. Ilifika mahali akaanza kujitazama kwenye kioo kwa wasiwasi, akitafuta hicho ambacho watu wanakiona.

Mama akakata uzi kwa meno, akampa sketi mpya. Akaivaa, akachukua chupa moja ya wadudu chini ya kwapa, akatoka mbio ingawa muda ulikuwepo wa kutosha.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na feni iliyogonga kila ikizunguka. Jopo lilikuwa la watu watatu: Amidi wa kitivo, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu; mkuu wa idara, mama mwembamba aliyening'iniza miwani kifuani; na afisa utumishi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutazama saa. Walimpa dakika kumi na tano afundishe kana kwamba wao ni wanafunzi.

Fukusi akamimina mahindi kiganjani, akawapitishia. "Mnayaonaje?"

"Mazima," akasema mkuu wa idara.

"Hayana tundu hata moja. Sasa sikilizeni." Akayarudisha chupani, akachomeka maiki ndogo katikati ya punje, akawasha spika. Chumba kikajaa mlio mdogo mkavu, kru, kru, kru, wa meno mengi yasiyoonekana. "Mama mdudu hutaga yai ndani ya punje, akaziba. Mtoto anakula huko ndani wiki kadhaa. Siku mkulima akiona tundu, ujue amechelewa. Mimi nawasikiliza kabla hawajatoka."

Afisa utumishi alisahau saa yake. Mkuu wa idara aliinuka, akazunguka meza, akaweka sikio karibu na chupa kabisa. Fukusi akaongeza sauti ya spika. Kisha Amidi akalivuta jalada, akalifungua, akasoma, akamsogezea mkuu wa idara. Yule mama akaivaa miwani, akasoma, akaishusha tena kifuani.

Lakini Amidi, tofauti na wenyeviti wa majopo mengine, hakunyamaza. "Dokta," akasema, "si desturi yetu kumsomea mwombaji barua ya mdhamini wake. Lakini leo nimeona kitu kimoja kwa macho yangu, na hapa nasoma kingine. Profesa wako ameandika hivi: 'Ni msaidizi mtiifu na mwenye bidii. Hufuata maelekezo bila ubishi na hufanya kazi vizuri chini ya usimamizi.'" Akainua macho. "Sisi tunatafuta mtu wa kuanzisha maabara. Wewe ungesimamiwa na nani?"

Fukusi alipigwa na butwaa. Hakushangazwa na maneno yenyewe. Aliyajua mpaka koma zake, kwa sababu aliyaandika yeye.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, alipoomba kazi kwa mara ya kwanza. Alimfuata Profesa kumwomba barua ya mapendekezo, na Profesa, ambaye siku zote alikuwa na funguo za gari mkononi na safari miguuni, alimjibu bila kusimama: "Andika wewe, mimi nitasaini. Uniwekee mezani." Ndivyo wanavyofanya wengi, na mwanafunzi yeyote anayejua maisha huandika kwamba yeye ni wa ajabu. Fukusi aliona haya. Angewezaje kujipigia debe, tena kwa mdomo wa mtu mzima? Akaandika kwa adabu, kama binti aliyelelewa vizuri, akiamini kwamba Profesa akisoma ataongeza chumvi mwenyewe. Profesa hakusoma. Alisaini akiwa amesimama, na tangu siku hiyo, kila chuo kilipoomba barua, katibu wake alibadili tarehe na kuituma ileile.

Vyuo tisa! Alikuwa akijizika mwenyewe kwa mkono wake, halafu analilia kioo.

"Barua hiyo ni ya zamani," akasema.

"Ina tarehe ya mwezi huu."

Angesema nini? Kwamba ameiandika yeye? Wangemwona mghushi. "Naomba nafasi Profesa alete nyingine."

Amidi akamtazama, akaitazama ile chupa iliyokuwa bado inatafuna. "Saa kumi leo tunafunga jalada. Itoke kwake mwenyewe."

Profesa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Fukusi njia nzima. Mtu mbaya ungemchukia upumue. Huyu alikuwa mcheshi, mkarimu, mwepesi wa kukupa kitabu chake na kusahau kukidai. Alimkuta kwenye ngazi, anashuka.

"Barua mpya? Hakuna shida kabisa! Andika wewe, nitasaini. Uniwekee mezani, nitarudi saa tisa."

Maneno yaleyale. Fukusi akaingia ofisini, akakaa kwenye kompyuta ya Profesa, akaandika: "Ni msaidizi mtiifu." Akafuta. Akaandika: "Ni mtafiti mwenye bidii." Akafuta. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akampigia mama yake, akamweleza yote mpaka mwisho.

Upande wa pili cherehani ilinyamaza. "Yaani," mama akasema, "miaka mitatu umejikatia nguo mwenyewe, ukajibania kwapani, halafu unashangaa haikutoshi?"

"Sikutaka kujisifu, Mama."

"Nani kakwambia ujisifu? Mimi nikimpima mteja kifua nikapata sentimita mia na kumi, naandika mia na kumi. Siandiki mia kwa adabu. Nikiandika mia namuumiza, nikiandika mia na ishirini namchekesha." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Andika vipimo, Fukusi."

Akaandika vipimo. Wadudu aliowalea bila kukatika, vizazi thelathini na vinane. Makala sita, na nani alifanya nini katika kila moja. Akaandika kwamba njia ya kuwasikiliza wadudu ndani ya punje ilianza siku alipoweka sikio kwenye gunia, katika stoo ya mama yake. Kwamba aliijaribu miezi minane, Profesa akiwa ng'ambo. Na kwamba wazo hilo lilikuwa lake peke yake. Sentensi hiyo ya mwisho aliifuta mara tatu na kuirudisha mara nne. Akaichapisha kabla mkono haujabadili nia.

Profesa aliingia saa tisa na robo, funguo mkononi. "Iko wapi? Hii?" Akachukua kalamu, akainama bila kukaa.

Ncha ya kalamu iligusa karatasi. Hapo ndipo Fukusi alipoona jinsi mambo yalivyo mepesi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Saini ingetua, barua ingekwenda, kazi huenda angeipata, na Profesa asingejua kamwe alichokubali. Angeondoka na ukweli wake kama mwizi.

"Profesa, isome kwanza."

"Nakuamini bwana."

"Najua. Isome."

Akasoma. Mwanzoni alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Alipofika katikati tabasamu likaondoka. Akakivuta kiti kwa mguu, akakaa. Fukusi alifanya kazi naye miaka sita, na hakuwa na kumbukumbu ya kumwona amekaa.

"Hili la sauti," akasema Profesa. "Nililizungumzia kwenye mkutano mwaka juzi. Nilisema 'tuligundua'."

"Ulisema 'niligundua', Profesa. Nilikuwa ukumbini, mstari wa nne."

Miguu ya Fukusi ilitaka kwenda, popote, dirishani, mlangoni, kwa kaka yake akachukue mkoba wa dawa. Akaikaza sakafuni.

"Tukiitoa sentensi hii moja," Profesa akasema polepole, "barua haiharibiki."

"Inaharibika." Alishtuka kujisikia.

Profesa aliweka funguo mezani. "Kwani ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani?"

Fukusi akamsomea kwa kichwa, neno kwa neno: mtiifu, bila ubishi, chini ya usimamizi.

"Upuuzi gani huo!" Profesa alipandisha sauti, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mimi. Ukasaini wewe."

Profesa akazitazama zile funguo kana kwamba zimesema kitu. "Imetumwa mara ngapi?"

"Mara tisa."

Profesa hakusema pole, na Fukusi alimshukuru kwa hilo, maana angelia. Profesa alichukua kalamu. Siku zote saini yake ilikuwa mkwaruzo mmoja tu. Sasa aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, chini ya ile sentensi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Akaipiga picha kwa simu, akaituma mwenyewe kwenye barua pepe ya kitivo, huku akihangaika na kidole chake kinene, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe namba ya Amidi wako."

"Bado si wangu."

"Nipe. Halafu nisubiri nje."

Fukusi akachukua chupa yake, akatoka. Mlango ule haujawahi kufunga vizuri, kila mtu idarani anajua. Alianza kutembea koridoni, hatua sita kwenda, sita kurudi, na kila akipita mlangoni alinasa kipande.

"...ndiyo, Amidi, saini zote mbili ni zangu."

Akaenda, akarudi.

"...ile ya kwanza? Hapana. Sikuisoma." Kiti kikakwaruza sakafu. "Naelewa. Una haki ya kusema hivyo."

Akaenda. Safari hii alirudi taratibu.

"Kama nilimsimamia?" ilisema sauti ya Profesa, na haikuwa na ucheshi wowote ndani yake. "Niseme ukweli? Mimi nilikuwa safarini. Yule Dokta hajawahi kusimamiwa na mtu."

Jibu la kazi lingetoka Jumatatu, na lingeweza kuwa lolote. Fukusi aliitazama simu yake mkononi, hakuifungua. Ukutani palikuwa na benchi ambalo amelipita miaka sita. Akakaa, chupa mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu ikamtii. Kisha akampigia mama yake.

"Uko wapi?" mama akauliza juu ya kelele za cherehani.

"Nimekaa, Mama," akasema, na hapo ndipo alipolia.