Ampli Inayojua Kunyamaza

Tok.

Tone la maji liliangukia ndani ya beseni, gizani. Kikafuata kimya, kisha likaja lingine. Tok. Carmel alikuwa macho kabla ya hilo la pili. Ndivyo walivyoamka watu wote wa Bukavu tangu vita viingie mjini: sikio hutangulia, jicho hufuata baadaye. Alisikiliza. Nje, mlima wote wa Kadutu ulikuwa umenyamaza, na kimya chake kilikuwa kitupu. Maana kuna kimya kitupu, na kuna kimya chenye mtu ndani yake, na mwanamke aliyelea mtoto katika miaka hii huvitofautisha kama anavyotofautisha unga wa mahindi na wa muhogo. Cha alfajiri hiyo hakikuwa na mtu. Mvua ilikuwa imepita tu, ikaliacha bati limalizie kudondosha mabaki.

Kando yake Bintu naye alikuwa macho. Carmel aliyaona macho yake yakimeta. Zamani, yaani mwaka jana tu, mtoto huyu ndiye angekuwa wa kwanza kutangaza kwamba nyumba inavuja, na angeshuka kitandani akokote beseni mwenyewe kama mama mwenye nyumba. Sasa alilala akitazama dari, matone yakianguka karibu na kichwa chake, na uso wake haukutikisika.

Homa ndiyo iliyomfanya hivyo. Ilimshika walipokuwa wamekimbilia kijiji cha Miti, wakilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, na ilipomwachia iliondoka na sehemu kubwa ya masikio yake. Daktari aliyempima baadaye mjini alisema usikivu haujaisha wote. Umebaki kidogo, nao ni wa kuokoa. Ila kile kifaa kidogo cha kuingiza sikioni hakipatikani Bukavu, na barabara za kukileta zimefungwa.

"Maman, tafuta namna yoyote ya kumufikishia sauti kubwa lakini safi," alisema. "Na ufanye mbio. Neno yenye mutoto hasikie, anaiacha."

Na kweli Bintu alikuwa ameanza kuyaacha maneno. Mukate ulikuwa umebaki "muka." Kijiko alikionyesha kwa kidole. Sentensi nzima, Carmel hakukumbuka aliisikia lini. Mtoto alikuwa karibu kutimiza miaka sita, na maneno yote aliyoyakusanya tangu kuzaliwa yalikuwa yakitoka moja moja, kama wageni wanaoondoka msibani bila kuaga.

Carmel aliinuka, akasogeza beseni vizuri chini ya tundu la bati, akawasha makaa. Hakuwa na wasiwasi mwingi asubuhi hiyo. Alikuwa na mpango, na nusu ya mpango huo ilikuwa ndani ya gunia la unga.

Mumewe, Mugisho, alikuwa fundi wa sauti katika redio ndogo ya mjini. Siku wenye bunduki walipokuja kuifunga, walibeba mitambo yote, hata viti. Mugisho alitoka na vitu viwili chini ya koti lake: mikro moja ya kusemea, na kaske ya studio, ile ya kuvaa kichwani, nzito, yenye mito laini ya kufunika masikio na waya uliojiviringa kama mkia wa nguruwe. Kitu cha Ulaya, cha kazi. Aliipenda mpaka Carmel akawa anamtania: "Papa Bintu, siku nyumba itaungua, kati ya miye na ile kaske, sijue utatosha nani mu moto." Kabla ya kwenda Uvira kutafuta kazi, aliizika ndani ya unga wa muhogo pamoja na mikro, kwa sababu askari wakipekua nyumba huchukua redio na hata saa ya ukutani, lakini unga huchota wa juu tu.

Sasa, kaske nzuri ni kama ng'ombe wa kizungu: ukimlisha majani ya kando ya njia, maziwa hutayaona. Carmel alikwisha kuijaribu kwenye redio-kaseti ya nyumbani. Sauti ilikuja nyembamba, kama mtu anayesema ndani ya mtungi uliofunikwa. Katika masomo ya jioni aliyoyafuata parokiani kabla ya kuolewa, walimfundisha umeme kidogo, wa kutosha kujua kinachokosekana. Kati ya mikro na kaske alihitaji ampli, mashine ya kukuza sauti.

Habari hiyo ilipomfikia tonton Déogratias, mdogo wa baba yake na kiongozi wa kwaya, alikuja siku hiyohiyo na ampli ya kanisa mgongoni, akihema kwa kupanda mlima.

"Watti mia mbili!" alisema, akiitua chini. "Hii ikifunguliwa, hata ngambo ya Ruzizi banasikia. Bintu atakosa kusikia namna gani?"

Kwa bahati mkondo wa umeme ulikuwapo. Carmel alimvalisha mtoto kaske, tonton akabonyeza. Kabla mtu yeyote hajasema neno kwenye mikro, ampli ile ilianza kukaanga: shhhhh, kama samaki waliotiwa katika mafuta yanayochemka. Bintu alifumba macho, akaing'oa kaske kwa mikono miwili, akakimbilia chini ya kitanda, mahali alipofundishwa kwenda risasi zikilia.

Carmel aliivaa mwenyewe, ndipo akaelewa. Katika spika kubwa za kanisani ule ukaangaji ulipotea ndani ya nyimbo. Lakini kaske nzuri haifichi kitu. Ilimwaga masikioni takataka zote za ampli, na mtoto, aliyebakiwa na usikivu kidogo, alikuwa amejaziwa takataka kabla ya kupewa sauti.

"Tutatafuta yenye nguvu kupita hii," tonton alisema. "Posho, ku soko."

"Tonton, nguvu haiko shida."

"Mutoto hasikie, na unasema nguvu haiko shida? Weye na masomo yako ya mangaribi!"

Carmel alikuwa amekwisha kumfuata mtoto. Alikuwa amelala chali sakafuni, amenyoosha mkono chini ya kitanda, akisubiri vidole vidogo vimshike. Vilichelewa. Hilo ndilo lililomuumiza: kwamba mtoto ameanza kuiogopa kaske, na akitishwa mara nyingine hatakubali kuivaa tena. Lililobaki lilikuwa jaribio moja tu.

Ikawa posho, yaani Jumamosi, wakashuka sokoni, tonton akiwa na ngata ya kitambaa kichwani tayari kwa mzigo mzito, Carmel na kaske ndani ya kikapu, imefunikwa kwa mboga za sombe.

Kadutu, ampli haiuzwi kwa maneno. Muuzaji huiunga kwenye batri ya gari, hutia kaseti, hufungua sauti mpaka mwisho, na watu wakikusanyika na kutikisa mabega, bei hupanda. Mnunuzi naye huinyanyua. Nzito ndiyo nzuri. Tonton alizinyanyua zote zilizokuwa kwenye meza ya Papa Honoré, moja baada ya nyingine, kama mtu anayenunua mbuzi, akachagua moja iliyomtoa mishipa shingoni.

"Hii!" alisema.

"Maestro anajua kitu," Papa Honoré alisema, akiongeza sauti. Alikuwa mwanaume mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu jua kali. "Sikia hiyo besi, maman. Inaingia mpaka mu tumbo."

"Papa Honoré, tosha kaseti," Carmel alisema.

"Nitoshe kaseti? Sasa utasikia nini?"

"Nataka nisikie vile inanyamaza."

Vijana waliokuwa wakicheza walisimama. Papa Honoré aliinama, akamtazama kama anayetafuta homa usoni mwake.

"Maman, miye nauzisha muziki. Kama unatafuta kunyamaza, panda ku makaburi. Kule ni bure!"

Watu walicheka, na Carmel alicheka nao. Kisha akatoa kaske chini ya sombe, akaivaa hapohapo, akaichomeka, akafungua sauti nusu bila wimbo, bila mikro, bila chochote. Akafumba macho. Ile ya tonton ilikaanga. Ya pili ilikuwa na nyuki ndani yake. Ya tatu, iliyosifiwa kuwa ilitoka Dubai, ilinguruma kama lori linalopanda kutoka Luvungi na mzigo. Kila mara aliivua kaske, akatikisa kichwa, akasogea.

"Maman Bintu," tonton alinong'ona, "batu banatuangalia."

"Baangalie. Haiko bo njo batavaa, ni Bintu."

Alikuwa ameinama kuchomoa waya wa ile ya mwisho alipokiona. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi, na chini yake kulikuwa na kisanduku cha chuma cha kijani, kidogo kama mkate wa kukata, chenye tundu la mikro upande mmoja na tundu la kaske upande wa pili.

"Na ile?"

"Ile yenye inabeba meza?" Papa Honoré aliisukuma kwa kiatu. "Achana nayo. Inatoka ku shule moja yenye ilifungwa, banafunzi balikuwa banavaa kaske, banarudilia Kifaransa ya mwalimu. Haina besi. Haiwezi chezesha hata kuku."

"Balikuwa banavaa kaske?"

"Ndiyo nakuambia."

"Tafuta tofali, Papa Honoré. Nataka ile."

Tofali likapatikana. Kisanduku kilikula mawe ya redio tu, yaani betri ndogo za kawaida, wala hakikuhitaji mkondo wala batri ya gari, na Papa Honoré, kwa kununa, akayachomoa ya redio yake mwenyewe akayatia. Taa nyekundu, ndogo kama jicho la njiwa, iliwaka. Carmel alifungua sauti nusu.

Hakuna kitu. Alidhani kimeharibika. Akafungua zaidi, akaziba masikio juu ya kaske kwa viganja, akashuka ndani ya kile kimya jinsi alivyoshuka ndani ya kimya cha usiku mwingi, akitafuta kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Kilikuwa kitupu, kisafi kama sahani iliyooshwa.

Ndipo akachomeka mikro ya Mugisho. Soko lote likaingia: visigino vya wapagazi ngazini, mama anayemenya ndizi, sarafu ikigonga meza. Na sauti ya Papa Honoré, kule mwisho wa meza, akimnong'oneza tonton: "Maestro, huyu mutoto yako, akili iko yote?"

"Iko yote, Papa Honoré," Carmel alisema bila kugeuka. "Na nimekusikia."

Safari hii vijana walimcheka muuzaji.

Papa Honoré, alipoiona furaha usoni mwa Carmel, alijaribu kupandisha bei. Carmel alimkumbusha, kwa upole, habari ya kuku. Wakakubaliana kwa pesa aliyokuwa ameiweka ya kununua sufuria mpya, na sufuria angeweza kuingoja. Tonton alikibeba kisanduku kwapani, ngata yake ikining'inia mkononi bila kazi.

"Nepesi vile," alilalamika njia nzima. "Kanisa yote batasema nilinunua sabuni."

"Debe tupu njo linapigaka kelele, tonton."

"Eh! Na miye njo debe?"

"Weye uko maestro. Panda, mvua inakuja."

Nyumbani, Bintu aliiona kaske, akaelekea chini ya kitanda bila kukimbia, kama mtu anayekwenda kwake. Carmel hakumwita wala hakumshika. Aliketi sakafuni karibu na beseni, akaivaa kaske mwenyewe, akaweka mikro kwenye mkeka, akaanza kuchambua maharage. Kila punje aliyoidondosha ndani ya sufuria yenye tundu ilimlilia masikioni, ting, na kila mara alitabasamu. Hakuwa akiigiza. Kaske ile ilikuwa tamu kweli. Sasa alimwelewa mumewe.

Baada ya muda kichwa kikachomoza. Mtoto hawezi kuona mama anayechekea maharage akabaki chini ya kitanda. Bintu alitambaa mpaka mapajani pake. Carmel alifungua mto mmoja wa kaske kidogo, na Bintu akabandika sikio lake hapo, akiwa tayari kulichomoa. Hakulichomoa. Wakadondosha punje pamoja, wakiwa shavu kwa shavu. Mwishowe mtoto mwenyewe aliivuta kaske, akaivaa, ikamfunika mpaka nusu ya uso.

Carmel alishusha sauti chini kabisa, kisha akaipandisha pole, pole.

"Bintu."

Mtoto alimtazama mdomo. Lakini sikuzote aliutazama mdomo. Ndivyo alivyoishi mwaka mzima. Kuitikia kwake hakukuthibitisha chochote. Tonton, aliyesimama mlangoni, alifungua kinywa kuuliza, Carmel akamnyooshea kiganja: nyamaza. Naye kiongozi wa kwaya, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyamaza. Carmel aliinamisha uso, akaficha midomo. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, laini, isiyo na haraka, nyuma ya mgongo wa mtoto.

Tok.

Shingo ya Bintu ilisimama. Akangoja. Tok. Akageuka, waya ukimfuata begani, akatazama juu kwenye tundu la bati, akatazama chini, kisha akamrudia mama yake kwa macho ya mtu aliyekuta kitu chake alichokipoteza. Midomo yake ilikwenda kwanza bila sauti, kama anayejaribu viatu vya zamani kuona kama bado vinamtosha.

"Maman," alisema, "mayi iko natona mu beseni."