Majigambo Yaliyoingia Kitabuni

Niragira alifika Kibimba vumbi limempaka uso hadi kope. Pikipiki ilimshusha mwanzo wa migomba, akapanda kilima kwa miguu, kanga ameifunga kifuani kama anayekwenda msibani. Huko Nyamahanga alikotoka, mume wake Kwizera alikuwa amechukuliwa na askari, na kila aliyejua kusoma vizuri alimwambia neno moja: nenda kwa Profesa Telesfori, maana kitabu chake ndicho kilichomfunga mumeo.

Uani alimkuta mwanamke mzee akipeta maharage. Alikuwa Felisita, dada yake profesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Midomo imekupauka hivyo, umetoka wapi? Unamtafuta nani?"

"Profesa."

"Profesa wa vita?" Felisita akacheka, ungo ukatikisika. "Yumo ndani. Jana jogoo kamkimbiza mpaka chooni, mtu aliyefundisha majenerali! Pita, usimwogope."

Siku nyingine Niragira angecheka. Alivua ndala mlangoni akaingia.

Watu wa Ngara waliijua sauti ya Profesa Telesfori kabla ya kuiona sura yake. Bomu likilipuka popote duniani, redio ilimtafuta yeye aeleze. Alipokuwa mwalimu kijana aliwaona wakimbizi wakimiminika kutoka darajani Rusumo, magodoro kichwani na watoto mgongoni, akajiuliza nani huyaanzisha mambo haya na nani huyamaliza. Swali hilo halikumwacha. Alilifuata hadi vyuo vya ng'ambo, akarudi nalo limekuwa kazi ya maisha yake. Aliandika jinsi mabalozi wanavyopatanisha watu wasiosalimiana, jinsi majeshi yanavyovunjika, jinsi kijana wa kawaida anavyogeuka gaidi. Maofisa walipita darasani kwake mwaka hadi mwaka. Kwenye mazungumzo ya amani aliketi nyuma ya wajumbe, akiwanong'oneza mambo ya zamani waliyokuwa wameyasahau. Sasa alikuwa amestaafu, na nyumba yake ilijaa vitabu hadi chini ya kitanda.

Niragira alipiga magoti kumsalimia. Profesa akamwinua, akampa kiti.

"Mimi ni mama Iteka wa Nyamahanga," alisema. "Mke wa Kwizera, yule anayechechemea. Ulikuja kwetu siku tulipomposa mke wa shemeji yangu. Ulikula, ukanywa."

Uso wa profesa ulibadilika. "Namkumbuka. Hajambo?"

"Amefungwa upande wa Biharamulo. Magari yametekwa msituni, watu wameuawa. Askari wanatafuta waliowahi kuwa waasi ng'ambo ya mpaka. Wamesoma kitabu chako. Kinasema mkulima mmoja wa Nyamahanga, mwenye mguu mbovu, alikwambia kwa kinywa chake kwamba alivuka mto usiku, akaua, akachoma makazi ya watu. Wenye mguu mbovu Nyamahanga ni wangapi, Profesa?"

"Sikuandika jina lake."

"Mguu uliuandika."

Profesa alikwenda dirishani akasimama huko, akimpa mgongo.

Niragira aliikumbuka siku ile vizuri. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa katikati, wazee wameuzunguka na mirija yao. Kwizera alikunywa, akanyanyuka, akashika fimbo kama mkuki, akaanza kujigamba kama wanaume wa kwao wanavyojigamba tangu kale, kila mmoja na majigambo ya ukoo wake. Yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya babu yake, aliyepigana zama za wafalme. Babu alimwachia baba, baba akamwachia yeye. Ila wanaojigamba hawasemi "babu yangu alivuka". Wanasema "nilivuka", kwa sababu siku ile babu anasimama ndani ya mjukuu. Kwizera mwenyewe hajawahi kuua hata nyoka bila kuita jirani, na mguu wake ulivunjika alipoanguka kutoka kwenye mparachichi akiwa mtoto.

"Wewe ni Mhangaza, mtu wa Ngara hii hii," Niragira alisema. "Majigambo kwenu yapo. Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa mbona ukaandika kama habari ya kweli? Kwenye majigambo kuna mkuki! Nani anakwenda vitani na mkuki siku hizi? Kitabuni wanasema hakuna mkuki, kuna silaha."

Profesa aligeuka kutoka dirishani. Nje maharage yalimwagwa kwenye sufuria.

"Niliutoa mimi," alisema. "Walionichapia kitabu walitaka mtu mmoja aliye hai, aseme 'mimi'. Nilikuwa nimezunguka vijiji vingi na hakuna aliyekubali kusema 'mimi'. Wote walisema 'wale', 'wao', 'watu fulani'. Kisha nikamsikia mumeo. Nikajiambia, hiki ni kitabu cha Kizungu, nani Nyamahanga atakisoma?"

Niragira alilia bila sauti, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Kesho tunakwenda wote," profesa alisema. "Mkuu wa pale anaitwa Ndassa. Nilimfundisha. Atanisikiliza."

Asubuhi profesa alivaa suti aliyoitumia kwenye mikutano ya mabalozi. Felisita alimfunga tai mwenyewe, akamwambia, "Leo usiongee Kizungu, Telesfori. Ongea kama mtu." Waliteremka hadi upande wa Biharamulo, kwenye jengo la bati lililozungushiwa seng'enge, mahali ambapo watuhumiwa waliwekwa wakisubiri kusafirishwa. Mlango wa ofisi ulitazamana na mlango wa chuma, na nyuma ya chuma kile alikuwa Kwizera. Niragira alikitambua kikohozi chake.

Ndassa alikuwa mtu mnene mwenye adabu. Alimwona profesa akasimama wima, akapiga saluti.

"Shikamoo, Mwalimu! Mwenyewe umekuja! Karibu, karibu. Mama naye akae."

Profesa alieleza. Alisema polepole, kwa Kiswahili chepesi, kwamba yale yalikuwa majigambo ya babu, kwamba mwenye kosa ni yeye aliyeyageuza kuwa ushahidi, kwamba aliondoa mkuki akaweka silaha. Niragira alimtazama Ndassa usoni, akaona akisikiliza kweli, akaanza kupumua.

Profesa alipomaliza, Ndassa alijifuta paji la uso.

"Mwalimu, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Unakumbuka somo la mashahidi? Ulisema shahidi akigeuza maneno baada ya mtu kukamatwa, tumuulize kwanza nani amemfikia. Ukasema tusidanganywe na mila, kwa sababu waasi wote hujificha kwenye nyimbo na hadithi za wazee. Niliyaandika, nikayakariri. Nilipata alama za juu kwa sababu ya maneno hayo."

"Nilikuwa nasema juu ya watu wengine."

"Hukusema watu gani, Mwalimu."

"Basi andika kwamba nilikosea!"

"Nikiandika ulikosea hapa, wakubwa wataniuliza ulikosea na wapi tena. Wapo watu wamefungwa, wapo waliofukuzwa nchini, kwa vitabu vyako. Nifungue milango yote?"

Profesa aliitazama mikono yake juu ya magoti, mikono iliyowahi kushikana na mikono ya mawaziri.

"Afande," Niragira alisema, "si umuulize mwenyewe?"

"Nimemuuliza, mama, na ndiyo shida yangu. Namwambia, haya maneno ni yako? Ananijibu, ni yangu. Namuuliza, ulivuka mto? Anasema, nilivuka. Namwambia, mzee, sema basi ni ya babu yako, uende zako nyumbani. Ananitazama kama nimemtukana. Hasemi."

Niragira alifumba macho. Alimjua mume wake. Kwao, mwanaume anayekana majigambo ya ukoo mbele ya watu amemtupa baba yake jalalani, na wanawe hawatakuwa na pa kusimama siku ya kuposa. Kwizera angekana jina lake, angekana hata shamba lake, lakini si hayo.

Ndipo Niragira alipofanya jambo ambalo mwanamke wa kwao hafanyi. Alisimama.

"Basi nisikilize mimi, afande. Haya maneno yapo kwa watu wote wa nyumba ile. Mwanangu Iteka anayajua. Mimi nimeyasikia tangu nilipoolewa. Kama ni ushahidi, basi nasi tulivuka."

Akanyoosha mkono kana kwamba umeshika fimbo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikikwaruza.

"Mimi ni Asiyetetereka, mwana wa Asiyelala! Nilivuka Ruvubu usiku, maji yakiwa kiunoni..."

"Kifuani!"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chuma. Wote wakageuka.

"Kifuani!" Kwizera alirudia, sauti imejaa, si ya mfungwa hata kidogo. "Nilivuka maji yakiwa kifuani! Kiunoni wanavuka mbuzi!"

"Nyamaza!" Niragira alikimbilia mlango, akaupiga kwa viganja. "Baba Iteka, nakuomba, nyamaza!"

Lakini Kwizera alikuwa ameshaanza, na mwanaume akishaanza hakatizwi. "Mimi ni Asiyetetereka, mwana wa Asiyelala! Nilivuka Ruvubu maji yakiwa kifuani, nikarudi mkuki wangu umekunywa! Nilichoma boma la wenye kiburi, moshi wake ukawatoa machozi waliokuwa ng'ambo! Nani aliniona nikigeuza mgongo? Na asimame!"

"Umesikia mkuki?" profesa alisema, nusura apige kelele. "Ndassa! Amesema mkuki!"

"Nimesikia na kuchoma, Mwalimu. Nimesikia na kuvuka. Kasema mwenyewe, mbele yako." Ndassa hakufurahi. Alivuta karatasi, akaanza kuandika kama mtu anayetimiza kazi asiyoipenda. "Gari linakuja kumchukua mchana. Ningekuwa na la kufanya ningelifanya."

Nyuma ya chuma Kwizera alikuwa amemaliza. Alikuwa akihema, anangoja. Majigambo yakifika mwisho, waliopo humjibu aliyejigamba kwamba wamemwona. Asipojibiwa, ni kama wamemwambia kwamba amekwisha kufa na hawamwoni tena.

Profesa alitazama sakafu. Kalamu ya Ndassa ilisimama juu ya karatasi, nayo ikingoja.

Niragira aliegemeza paji la uso kwenye chuma chenye baridi. Alijua kwamba lolote atakalosema litaandikwa. Alimfikiria Iteka, alilifikiria gari la mchana, na safari ambayo huenda mumewe asirudi kutoka huko. Upande wa pili alimsikia akipumua, karibu kabisa, kama wanavyolala kitandani.

"Ni wewe," alimjibu. "Tumekuona. Ni wewe."

Ndassa akaandika.