Kigelegele Kilichofutwa

Nilimvunja ndugu yangu Yaqdhan jino la mbele mchana wa Alhamisi, mwaka 1997, chumbani kwake, nyumbani kwetu mtaa wa Ghubra, na nilimvunja kwa kibodi ya kompyuta. Wanaosema nilitumia chuma wananiongezea. Kibodi za siku zile zilikuwa nzito, chuma cha nini?

Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi ishirini na tatu. Alikuwa akiandika mchezo wa kompyuta: watu wanakatana mapanga ndani ya ngome mpaka abaki mmoja, damu zinaruka mpaka kwenye dari. Muziki ulikuwa wangu. Niliutunga kwa traka, programu ambayo noti zake huteremka kwenye kioo kama safu za hesabu, na faili lake, moduli, hubeba noti pamoja na sauti zenyewe. Ukirekodi sufuria ikigongwa, ni sufuria ileile itakayolia katika kila kompyuta. Yaqdhan alipenda MIDI, kwa kuwa haili nafasi kwenye disketi. MIDI ni karatasi ya mapishi tu: inasema tia hiki, tia kile, halafu kila kompyuta inatia viungo vyake yenyewe. Tulibishana miezi mitatu, yeye akiniita mshamba, mimi nikimwita bakhili wa nafasi.

Ndani ya moduli zangu mlikuwa na sauti moja ambayo sikumwambia mtu asili yake. Kila adui akianguka, kilipigwa kigelegele. Kilikuwa cha mama. Nilikitoa kwenye kanda ya harusi ya mama mdogo Hasina, sekunde mbili tu, na wiki ileile redio ikaitafuna kanda yote. Mama alifariki siku tisa baada ya kumzaa Yaqdhan. Sauti yake nyingine hatukuwa nayo, wala picha inayosema hatukuwa nayo.

Alhamisi ile niliingia nikamkuta anacheka peke yake, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Dada Muhsina, njoo uone! Mchezo umeingia wote kwenye disketi moja. Sasa wale wa duka la kompyuta la Hamriya watauchukua wauuze, wallahi. Muziki wako nimeugeuza MIDI."

"Na moduli zangu ziko wapi?"

"Nshazifuta, zilikuwa zinakula nafasi bure. Usihofu, muziki umo humohumo, nimeubana tu."

"Disketi yangu ya akiba je, ile ya kwenye mtoto wa meza?"

"Si ndo hii! Nimeisafisha, sikuwa na nyengine."

Akabonyeza. Kwenye kioo mtu akakatwa shingo, akaanguka, na pale penye kigelegele ikalia filimbi. Filimbi kavu ya kompyuta, ileile wanayoisikia watu wote wenye kompyuta kama yetu.

Niliing'oa kibodi pamoja na waya wake nikampiga nayo usoni. Vitufe vikaruka. Jino likatoka na damu ikamwagika juu ya kanzu nyeupe, na sitasema uongo, niliona raha. Akanisukuma nikagonga kabati kwa kisogo. Nikamrukia tena, nikamuuma mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Akanivuta nywele, akanipiga kofi sikio likavuma, kioo cha kompyuta kikaanguka kikapasuka, na sisi tukabiringishana juu ya vigae vilivyojaa vipande vya gilasi.

"Una wazimu we?" alipiga kelele. "Kwa sauti moja? Nitakutilia nyengine nzuri zaidi!"

"Yule alikuwa mama! Kigelegele kile ni cha mama, mwanaharamu we, umemuua mara ya pili!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Yaqdhan aliniachia nywele. Akakaa chini, damu inamtiririka kidevuni, akanitazama kama mgeni aliyegonga mlango usio wake.

"Mama yetu?"

Nilitema damu yake juu ya vigae.

"Nimekisikia kila siku," alisema. "Miezi mitatu, dada. Nakicheka, nasema kipunguze kinanitia kichefuchefu. Sijapata kumsikia mama yangu, hata neno moja, na nlikuwa nnamsikia. Hukunambia. Kwa nini hukunambia?"

Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka sita. Yeye alikuja, mama akaondoka, na katika kila kitu cha nyumba ile nililazimishwa kumgawia. Nilitaka kimoja kisiwe chake. Lau ningemwambia, asingekifuta. Angekilinda kuliko mimi. Aliyemuua mama mara ya pili hakuwa yeye, na alikuwa anakaribia kulijua hilo, nililiona likimjia machoni.

Basi nikakunja ngumi nikampiga tena, palepale penye jeraha, na safari hii hakuinua mkono.